Mtu Aliyepewa Magonjwa

Hakuwahi kuingia dukani kwangu kama watu wengine. Alisimama kwanza mlangoni, akaipa barabara mgongo, akakohoa kidogo kama anayesubiri kipaza sauti kiwashwe, ndipo akasema, "Mama Salma, Mchambuzi amefika." Sikumsikia hata siku moja akisema "nimefika." Mjini Migori wote tulimwita hivyo, Mchambuzi, na nadhani yeye mwenyewe alishaanza kulisahau jina alilopewa na wazazi wake.

Kila asubuhi ya siku za kazi, taarifa ya habari ikiisha, redio yetu ya mtaa ilimpa nafasi ya kuchambua mambo ya siku: barabara, hospitali, soko, nani kahama chama na kwa nini. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezaliwa kuamrisha mbuzi na watu. Wauza mboga waliongeza sauti ya redio alipoanza. Waliomchukia pia waliongeza, maana kumchukia vizuri kulitaka kwanza umsikilize.

Mimi nauza vitambaa na kushona nguo. Wazazi wangu walitoka pwani wakafungua duka hapa kabla sijazaliwa, na kwa sababu hiyo Mchambuzi aliamini kwamba mimi ni hazina ya maneno. Alikuja kuchota.

"Nipe neno," alisema siku moja, mikono nyuma ya koti lake la kijivu. "La mtu anayekula mali ya umma halafu anakuja kanisani anatabasamu."

"Mwizi, jaduong'," nikamjibu, kwa neno la Kijaluo la kumheshimu mzee.

"Hilo wanalijua. Hata yeye mwenyewe analijua na halimsumbui. Nataka linalouma."

Nikampa "mbadhirifu." Hakuridhika. Nikampa "fisadi," akasema hilo limechakaa kama noti ya zamani. Mwisho nikamwambia, huku nimebana pini midomoni, "Sema kupe." Akalijaribu mdomoni mara mbili, akaondoka. Kesho yake asubuhi mji mzima ulisikia habari za kupe, na yule aliyekusudiwa akatuma watu redioni kuuliza ni nani aliyemfundisha Mchambuzi matusi. Hakunitaja. Alisema ameyasoma chuoni.

Kujipenda alijipenda, hilo siwezi kumtetea. Kwenye matanga alikuwa na desturi ya kufika umati umeshakaa, apite katikati taratibu, na kama hakuwekewa kiti mbele na wageni wa heshima, hakukaa kabisa. Alisimama juani toka sala ya kwanza hadi maziko, kusudi kila mtu amwone kwamba amesimama. Mke wa marehemu mmoja, mwanamke aliyekuwa na msiba wake wa kutosha, ilibidi ainuke ampelekee kiti mwenyewe. Akakipokea. Nilikuwepo, na niliona aibu kwa niaba yake, maana yeye hakuona.

Na alishuku watu. Msimu wa kampeni ukianza, hakunywa chai hotelini mpaka mhudumu ainywe kwanza. Alinionyesha mwanamume aliyekuwa akiuza njugu ng'ambo ya barabara, akaninong'oneza, "Yule ametumwa." Yule mtu yupo hapo mpaka leo, anauza njugu. Lakini pia ni kweli kwamba wiki aliyoongea juu ya vibanda vya soko kugawiwa jamaa za wakubwa, madirisha ya nyumba yake yalivunjwa kwa mawe mchana, majirani wakiangalia, na hakuna aliyemwona mrushaji. Kwa hiyo sijui. Labda alishuku mtu asiye na kosa na kukosa kumshuku mwenye kosa.

Kosa lake kubwa, machoni pangu, lilikuwa la mama mwenyekiti wa wauza samaki. Mchambuzi alisikia uvumi kwamba amekula michango ya kikundi, akautoa hewani kama ulivyo, na jina juu. Mama wa watu akafunga meza yake, akawa hapiti tena barabara kuu. Baadaye ikajulikana kwamba michango ilikuwepo yote, ilikuwa imechelewa benki tu. Nikamwambia Mchambuzi aende kwake akamwombe radhi.

"Nitalizungumzia kesho," akasema.

Kesho yake nilifungulia redio. Alisema, "Kuhusu lile suala la wauza samaki, taarifa imebadilika." Basi. Akaendelea na barabara. Neno "samahani" alilijua kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijaluo, na sikumsikia akilitumia kwa lugha yoyote.

Ila huyo huyo aliondoka siku moja akaenda Kehancha kwa boda boda, mvua ikinyesha, kwa sababu mkulima mmoja wa tumbaku alimpigia simu akilia kwamba majani yao yamekataliwa na wanunuzi. Angeweza kuyasema akiwa Migori. Alikaa nao ndani ya banda la kukaushia tumbaku, akarudi na macho mekundu na koti linalonuka moshi, na akiwa hewani akajaribu kuwasalimu kwa Kikuria. Alikosea vibaya sana. Wakuria walipiga simu wakicheka mpaka mtangazaji akashindwa kuendelea. Mzee mmoja akasema, "Umeharibu lugha yetu, lakini umekuja. Hao wengine wanajua Kikuria vizuri na hawajakuja."

Sasa niseme habari za magauni.

Kabla sijajua lolote juu ya nyumba yake, aliniletea kazi ya kushona gauni la mwanamke mnene. Alitaka pamba laini, rangi isiyokoza, mikono mirefu. Nikamuuliza vifungo anataka vya aina gani.

"Bila vifungo."

"Zipu basi, nyuma?"

"Bila zipu. Bila mshipi, bila kamba. La kupitisha kichwani tu." Akatazama pembeni. "Ni la dada yangu. Hapendi vitu vya kufungwa."

Nikashona. Baada ya muda akarudi kutaka jingine, na jingine. Yale ya kwanza, alisema, yamechanika. Gauni nililolishona mimi halichaniki hivi hivi. Sikuuliza. Siku moja aliniomba nikapime mwenyewe, kwa sababu dada alikuwa amekonda, na ndipo nikaingia kwake. Nyumba ilikuwa safi, ina viti vichache, haina kioo hata kimoja. Dada alikuwa ameketi kwenye mkeka akiongea na mtu ambaye mimi sikumwona. Mchambuzi akachuchumaa mbele yake, yeye ambaye hakukaa matangani bila kiti, akasema kwa sauti nisiyoijua, ndogo, ya chini, "Nyaminwa, dada yetu, huyu ni Mama Salma. Ameleta mikono laini. Atakupima tu."

Nilipotoka akanisindikiza hadi langoni. "Akipata dawa hulala," akasema. "Akilala anakuwa yule wa zamani. Alikuwa mwalimu wa hesabu." Halafu akakaza shingo, akawa Mchambuzi tena. "Hili si la sokoni, Mama Salma." Nikamwambia sina soko la maneno.

Juu ya duka langu, ghorofa ya kwanza, kulikuwa na kijana aliyefungua ofisi ya ushauri nasaha. Tulimwita Mshauri. Alikuwa na adabu, ndevu zilizochongwa, cheti kwenye fremu ukutani. Aliandaa semina ya wajane katika hoteli moja mjini, na wajane walikuja wengi. Mchambuzi akasikia kwamba walilipishwa kiingilio. Hakupanda ngazi kumuuliza. Asubuhi yake akasema redioni, "Siku hizi kuna vijana wanafuga machozi ya wajane kama kuku wa mayai."

Mji ulicheka siku nzima. Watu wakaacha kupanda zile ngazi. Kijana akawa anashuka jioni akinisalimu bila kuniangalia. Nilijua kwamba anapika kitu, ila sikujua ni kitu gani.

Aliandika makala akaiweka mtandaoni, na kabla ya adhuhuri ilikuwa katika simu ya kila mtu. Ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililoifanya iwe mbaya. Alichukua maradhi ya nafsi, yale wanayosoma vyuoni, akamvika Mchambuzi moja baada ya jingine kama mtu anayejaribisha makoti. Wa kwanza ulikuwa ugonjwa wa kujitukuza: "Mgonjwa huyu akipita mbele ya dirisha la duka, dirisha ndilo linalopata bahati." Ukafuata ugonjwa wa kushuku: "Akipiga chafya hutafuta ni nani aliyemtuma mafua." Ukaja wa kutaka kutazamwa, na hapo kile kisa cha kusimama juani matangani kikaelezwa kwa utamu. Kisha wa kukosa huruma, akatajwa mama wa samaki, na sina la kuongeza hapo. Mwisho akaandika kwamba mtu mwenye magonjwa yote haya kwa pamoja hahitaji redio, anahitaji wodi yenye kufuli, avalishwe gauni lisilo na vifungo asije akajidhuru.

Nilikuwa nakata kitambaa aliponisomea mteja. Mkasi ulinisimama mkononi. Kijana hakujua. Alikuwa ameandika tu kitu alichodhani kinachekesha.

Kuanzia siku hiyo waendesha boda boda pale stendi wakawa na jina jipya. "Mgonjwa wetu! Leo umeamka na upi?" Wanafunzi walikohoa kama yeye alipopita. Kanisani, mtu mmoja mzima kabisa alimuuliza kama amemeza vidonge.

Mchambuzi alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alikwenda redioni akaisoma makala yote hewani, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile ile nzito, akisahihisha sarufi njiani. "Hapa kijana ameandika 'maradhi hizi.' Ni 'maradhi haya.'" Watu walishangilia. Hata mimi nilidhani ameshinda. Alipofika kwenye lile gauni alinyamaza kidogo, nikasikia karatasi ikigeuzwa, akaruka akamalizia aya ya mwisho. Ni wachache sana waliogundua.

Lakini hakushinda. Wenye redio waliona kwamba simu zimekuwa nyingi, wakataka mchezo uendelee. Mtangazaji, msichana mcheshi, akawa anamkaribisha kwa kicheko: "Na sasa tusikie Mchambuzi, kama yuko sawa leo." Wapigaji hawakuuliza tena habari za barabara. Waliuliza habari zake. Akitaja wizi, wanamwambia huo ni ule wa pili, wa kushuku. Akikasirika, wanasema ni ule wa kwanza. Hata wale aliowaita kupe walitulia, kwa sababu neno lake lilikuwa limekosa meno. Yeye aliendelea kwenda. Nilimwona akipita asubuhi, shingo imekaza, koti limepigwa pasi.

Kisha dawa zikakosekana. Dawa za watu wa aina ya dada yake ziliisha katika vituo vya afya, na aliyekwenda kuuliza aliambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi. Madukani hazikupatikana, au zilipatikana za aina nyingine. Mchambuzi alikuja kwangu akaketi kwenye benchi la wateja bila kutangaza kwamba amefika.

"Dada halali," akasema. "Mimi pia silali."

"Liseme redioni, jaduong'. Wewe ndiye unayesikika."

Akaniinulia macho. "Bado nasikika?"

Alilisema. Nilikuwa nimefungulia redio, na baraza ya duka ilikuwa na watu. Aliongea vizuri kuliko siku zote, bila majivuno, bila kupe wala fisi. Alisema kwamba kuna nyumba katika kaunti hii ambamo mtu mmoja amekosa dawa na watu wote wa nyumba wamekosa usingizi. Akauliza dawa ziko wapi. Aliuliza tu.

Simu ikaingia. Sauti ya kijana, nyuma yake pikipiki zikinguruma.

"Mzee, hiyo dawa ni ya nani? Ni yako ama?"

Mtangazaji akacheka. Hakukusudia, nadhani, kilimtoka.

"Apewe dawa yake jamani, amezidiwa!" kijana akaendelea, na wenzake wakapiga mayowe.

Barazani kwangu pia walicheka. Nikangoja sauti ile nzito imjibu. Angeweza kusema: ni ya dada yangu. Maneno machache tu, na mji mzima ungeinamisha kichwa. Redio ikawa kimya. Tukasikia kiti kikisogezwa, mlango, halafu wakapiga muziki.

Hakurudi tena.

Siku chache baadaye, mchana, dada yake alitoka akaingia jikoni kwa watu mtaa wa pili, akafunua sufuria. Wenye nyumba walipiga kelele za mwizi. Waliokuja na fimbo hawakungoja maelezo. Walimvunja mkono na kumpofua jicho moja kabla jirani mmoja hajamtambua kwa lile gauni. Walipoambiwa ni dada wa nani, mmoja wao alisema, "Kumbe ni wa familia." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi na bado sijajua lilitoka moyo gani.

Jioni hiyo nilipanda ngazi. Mshauri alikuwa peke yake na simu yake.

"Karibu, mama."

"Sikuja kukaa. Lile gauni lisilo na vifungo ulilitoa wapi?"

Akatabasamu, akidhani nimekuja kuisifu. "Nilibuni tu. Kwa nini?"

"Nalishona mimi. Chini hapo, kwenye ile mashine unayoisikia. La dada yake." Nikamweleza. Jambo nililoambiwa si la sokoni nililisema lote, kwa sababu sasa lilikuwa limetembea barabarani likivuja damu, na kila mtu alishaliona.

Hakujitetea. Alikaa, akaweka simu kifudifudi mezani. "Sikujua, mama," akasema.

"Hukujua. Na ulisomea."

Nikashuka. Makala ikatolewa mtandaoni siku iyo hiyo, lakini ilikuwa imeshahifadhiwa katika simu za watu, na hata leo wapo wanaoitumiana msimu wa siasa ukifika, hawakumbuki tena iliandikiwa nani.

Mchambuzi alihama Migori bila kuaga. Nilisikia kwamba amempeleka dada nyumbani, upande wa Sindo. Redio ikapata mchambuzi mwingine, kijana mwenye utani. Haudhi mtu.

Mwaka huu kwaya moja ya Mbita iliniagiza sare, nikazipeleka mwenyewe. Kazi ilipokwisha sikuona sababu ya kukaribia hivyo na kurudi bila kumtazama. Sindo nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kama anamjua bwana aliyekuwa redioni. Hakumjua wa redioni. Nilipotaja dada, akaninyooshea kidole hadi kwenye mti wa msonobari na nyumba ya bati nyuma yake.

Nilimkuta akimchana dada nywele uani. Alikuwa amepungua mwili, na lile koti hakulivaa. Mkono wa dada ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kidogo kwenye kiwiko. Alivaa gauni langu, lililofifia.

"Mama Salma," akasema Mchambuzi, kwa ile sauti ndogo niliyoisikia mara moja tu. "Karibu. Tusiongee kwa nguvu, anaogopa."

Tukakaa. Nikampa habari za mjini, akazipokea bila kuzichambua. Nikamwambia kwamba mama wa wauza samaki aliniagiza salamu zake. Chanuo likasimama. Kisha likaendelea.

Dada alinitazama kwa jicho lake zima, akauliza kwa Kiswahili safi cha mwalimu, "Wewe unasoma darasa gani?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Vizuri," akasema.

Hapo pikipiki ikazimwa nje. Aliyeingia uani alikuwa Mshauri, ndevu zimeacha kuchongwa, mfuko mdogo wa karatasi mkononi. Aliponiona alishtuka, akanisalimu. Akamsalimu Mchambuzi kwa heshima, ameinama. Mchambuzi hakuitika. Kijana akaweka mfuko juu ya stuli, akasema dawa zimetoka Kisumu na zinatosha mpaka atakapokuja tena, akasimama. Alisimama kama mtu anayengoja kuitwa ndani ya chumba cha daktari. Mchambuzi alifungua mfuko, akasoma maandishi ya kwenye pakiti, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji. Akampa dada kidonge, akangoja ameze, akamwangalia ulimi. Kijana bado amesimama. Mwisho akasema, "Basi, jaduong', nimeenda," na pikipiki ikawaka.

"Huwa anakuja?" nikauliza.

"Kila zikikaribia kuisha. Tangu tulipohamia."

"Na siku zote iko hivi? Humwambii neno, hata la ahsante, hata la hasira?"

Alichukua tena chanuo, akatafuta mahali alipokuwa ameachia.

"Dada anahitaji dawa," akasema polepole. "Nikianza kumwambia huyo kijana, Mama Salma, sitanyamaza."